Baiskeli ya milimani: Pima mwili wako kabla ya kupima mfuko

Karani mmoja wa umri wa miaka 46 alinijia Jumatatu moja akilalamika kwamba vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, kidole kidogo na kile cha pete, vilikuwa vimekufa ganzi. Isitoshe, magoti yote mawili yalimuuma kwa upande wa mbele, hasa alipokuwa akishuka ngazi. Uso wake ulijaa hofu. Kwa miaka mitatu amekuwa na shinikizo la juu la damu, na alidhani kiharusi kimeanza kumbishia hodi.

Nilimpima mdomo, mkono na mguu, nikamwomba azungumze, nikampima damu. Hapakuwa na dalili yoyote ya kiharusi. Ndipo nilipomuuliza alifanya nini mwishoni mwa wiki. Alijibu kwa fahari kwamba alikuwa amenunua baiskeli ya gia na kuizungusha kwa saa tano katika barabara za mashamba ya chai. "Daktari, si ni wewe uliyeniambia nifanye mazoezi?" akaniuliza.

Ni kweli, nilimwambia. Kosa langu ni kwamba sikumwambia anunue baiskeli ya aina gani. Ugonjwa wake ulikuwa ni baiskeli yenyewe. Fremu ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, hivyo aliinama mno na kuuweka uzito wote kwenye viganja. Neva inayopita ubavuni mwa kiganja kwenda kwenye vidole hivyo viwili ilibanwa na mpini kwa saa nyingi. Nacho kiti kilikuwa chini mno, kwa hiyo magoti yalijikunja kupita kiasi kila alipokanyaga pedali.

Yeye si wa kwanza wala si wa mwisho. Siku hizi watu wengi wa mijini, kuanzia Nairobi, Nakuru na Kisumu hadi hapa Kericho, wananunua baiskeli hizi kwa ajili ya safari ndefu na mashindano ya mbali. Wiki hii, basi, tutaangalia jinsi ya kuchagua baiskeli itakayokupa afya badala ya kukuletea maradhi mapya.

Kwa nini baiskeli?

Eneo hili linajulikana zaidi kwa mbio za miguu. Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka wa 1964, alikuwa mtoto wa Kericho. Lakini si kila mtu anaweza kukimbia. Mwenye uzito mkubwa au magoti yaliyochakaa huumia akikimbia, ilhali baiskeli hubeba uzito wa mwili na kuuachia moyo na mapafu kazi yao. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Safari tatu za baiskeli zinatosha kukufikisha hapo.

Mchezo wenyewe nao umekita mizizi nchini. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya mwaka wa 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi na kufunzwa na David Kinjah wa Kikuyu akiwa kijana mdogo. Mwaka wa 2021, kusini mwa Bomet, eneo la Maasai Mara lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya kwanza ya Migration Gravel Race, yaliyochukua siku nne na takriban kilomita 650 za changarawe na vumbi. Vijana wakiona hayo hutamani, na wazee wao pia.

Springi ya mbele pekee

Kuna baiskeli za aina tatu utakazoonyeshwa. Ya kwanza haina springi kabisa. Ya pili ina springi kwenye uma wa mbele, lakini nyuma ni fremu tupu iliyokazwa. Ya tatu ina springi mbele na nyuma. Kwa barabara za chai za Kericho na Bomet, na kwa mtu anayetaka kwenda mbali, ninapendekeza ile ya pili.

Sababu ni hizi. Barabara zetu ni za udongo mwekundu, hazina mawe makubwa sana, ila zina vilima visivyoisha. Ukitoka Kericho kuelekea Litein na Kapkatet utashuka hadi mtoni na kupanda tena mara nyingi kabla hujafika Bomet. Springi ya nyuma huongeza uzito, na usipoifunga hunesa unapopanda. Tena ina viungo na beringi nyingi, na matope ya hapa huzila upesi. Nyuma iliyokazwa hupeleka nguvu ya mguu moja kwa moja kwenye gurudumu na haidai fundi kila mwezi.

Hasara yake ni kwamba mishtuko ya nyuma hufika mgongoni. Dawa ni kuinuka kidogo kitini kila unapopita kwenye mashimo au matuta, ukiacha magoti na viwiko vifanye kazi ya springi. Mwenye historia ya diski ya uti wa mgongo kuteguka azungumze na daktari wake kwanza.

Kwa springi ya mbele, mwendo wa milimita 100 hadi 120 unatosha. Ibonyeze kwa uzito wako wote. Inapaswa kurudi taratibu bila kugonga, na isiwe na mafuta yanayochirizika. Springi ya bei ya chini inayorukaruka kama godoro ni mzigo tu. Afadhali uma usio na springi kuliko huo. Springi nzuri pia huwa na kifungio ambacho utakitumia unapopanda mlima mrefu.

Fremu ni kama kiatu

Hakuna mtu anayenunua kiatu nambari 10 kwa sababu tu kimepunguzwa bei ilhali mguu wake ni nambari 7. Lakini nimewaona wengi wakifanya hivyo kwa baiskeli, hasa za mitumba, ambapo mnunuzi huchukua iliyopo. Kasoro nyingine zote zinaweza kurekebishwa, lakini fremu isiyokutosha haitarekebishika.

Simama wima huku umeweka bomba la juu la fremu katikati ya miguu yako, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kati ya bomba hilo na msamba kuwe na nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Kisha keti, ushike mpini. Viwiko viwe vimekunjika kidogo, mabega yametulia, na uweze kutazama mbele bila kuivunja shingo. Ikiwa mikono imenyooka kama fimbo, fremu ni ndefu kwako. Tofauti ndogo inaweza kuondolewa kwa kubadilisha kipande kinachoushikilia usukani na kuweka kifupi zaidi, lakini tofauti kubwa haitibiki.

Angalia pia fremu imetengenezwa kwa chuma au alumini. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ikipasuka usikubali ichomelewe kando ya barabara, kwani sehemu iliyochomelewa hubaki dhaifu. Chuma ni kizito zaidi, ila fundi hodari wa jua kali anaweza kukiunga. Ukinunua mtumba, pitisha kidole kwenye viungo vyote, hasa chini ya usukani na karibu na pedali, ukitafuta ufa uliofichwa kwa rangi.

Kiti na magoti

Keti kitini huku umeegemea ukuta, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti linapaswa kunyooka. Ukiweka sehemu pana ya mbele ya wayo, kama unavyoendesha, goti litajikunja kidogo tu, na hapo ndipo penyewe. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi humaanisha kiti kiko chini mno. Maumivu ya nyuma ya goti, au nyonga zinazoyumba kushoto na kulia, humaanisha kiko juu mno.

Sasa niguse jambo ambalo wanaume huniuliza kwa sauti ya chini baada ya kufunga mlango. Je, baiskeli huua nguvu za kiume? Ganzi ya msamba baada ya safari ndefu inatokana na kubanwa kwa neva na mishipa ya damu. Kwa kawaida hupita, lakini ni onyo lisilofaa kupuuzwa. Kiti kiwe sambamba na ardhi, ncha yake isiinuke. Kiwe na upana unaobeba mifupa miwili ya makalio, si nyama laini iliyo katikati. Wanawake wengi huhitaji kiti kipana kidogo kuliko cha wanaume. Kiti chenye sponji nyingi si lazima kiwe bora, maana sponji ikididimia huibana sehemu ile ile uliyotaka kuilinda. Simama juu ya pedali kila baada ya dakika 10 hivi. Ganzi isiyoisha siku hiyo hiyo, au inayorudi kila safari, ikuletee kwa daktari.

Hesabu meno ya gia

Wauzaji hupenda kutaja idadi ya gia: 18, 21, 24, 27. Idadi hiyo haisemi lolote kuhusu mlima. Jambo la maana ni gia nyepesi kabisa, nayo unaweza kuijua kwa kuhesabu. Hesabu meno ya duara dogo kabisa la mbele, kisha meno ya duara kubwa kabisa la nyuma. Ya nyuma yanapaswa kuzidi ya mbele kwa robo au zaidi. Kwa mfano, 24 mbele na 32 nyuma ni vizuri. 36 mbele na 28 nyuma itakushusha uisukume baiskeli kwa mikono.

Chukua baiskeli ya gurudumu la inchi 29, ambalo mzunguko wake ni karibu mita 2.3. Ikiwa na 36 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko wa pedali hukupeleka karibu mita 3. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika, utakuwa ukipanda kwa kilomita 10 na zaidi kwa saa, mwendo ambao mtu wa kawaida hauwezi kwenye mteremko mkali. Atalazimika kukanyaga polepole kwa nguvu nyingi, na hapo ndipo magoti na moyo vinapoumizwa. Kwa 32 mbele na 51 nyuma, kama zilivyo nyingi za kisasa, mwendo ni kilomita 5 kwa saa, na unaweza hata kuzungumza.

Breki: kisa changu

Sitahubiri kuhusu breki bila kuungama. Miaka sita iliyopita nilinunua mtumba mzuri uliotoka Ulaya. Nilikagua fremu, nikahesabu meno, nikaridhika. Jumamosi ya pili mvua ilinikuta nikishuka kuelekea mtoni kati ya vichaka vya chai. Nilitaka kupunguza mwendo kwa breki ya nyuma, nikavuta kwa nguvu ile ya mkono wa kushoto. Gurudumu la mbele likakwama, likateleza, nami nikaangukia bega la kulia. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, na kwa wiki sita nilikuwa nikiwaandikia wagonjwa dawa kwa mkono wa kushoto.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara tumezoea desturi ya Uingereza, ambapo mkono wa kulia hushika breki ya mbele. Katika Marekani na nchi nyingi za Ulaya bara ni kinyume chake. Aliyeniuzia hakunitajia hilo, nami sikujaribu. Kwa hiyo, kabla hujalipa, nyanyua gurudumu moja moja, ulizungushe na kuvuta breki ili ujue ipi ni ipi. Fundi anaweza kuzibadilisha.

Breki za mpira zinazobana rimu hupoteza nguvu nyingi zikilowa matope, na katika miteremko ya Kericho hilo si jambo dogo. Breki za diski hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mvua. Za diski zinazovutwa kwa waya ni rahisi kutengenezwa popote. Za mafuta ni laini na zina nguvu zaidi, lakini zinahitaji fundi anayezijua na mafuta ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji, si mengine. Aina yoyote utakayochagua, ukivuta kwa nguvu mkono wa breki usiguse mpini.

Tairi na vipuri

Tairi pana, za inchi 2.1 hadi 2.3, zenye meno yaliyoachana, hushika udongo mwekundu na kuyatema matope. Upepo usizidi. Kwa mtu wa uzito wa kawaida, paundi 25 hadi 35 zinatosha. Tairi iliyojazwa kama ngoma huteleza na kuutikisa mgongo. Kati ya tairi na fremu pawe na nafasi ya kidole kimoja, la sivyo matope yatalikwamisha gurudumu.

Magurudumu ya inchi 29 huvuka mashimo kwa urahisi kuliko ya 26, na kwa safari ndefu ndiyo bora. Hata hivyo, tairi na tyubu za 26 ndizo rahisi kupatikana katika miji midogo. Mwenye 29 abebe tyubu mbili za akiba, wala asidanganyike kwamba tairi ya 28 ya Black Mamba itaingia kwenye rimu yake. Haiingii.

Moyo kabla ya mlima

Ukishapata baiskeli, fikiria injini yake, yaani wewe mwenyewe. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko karibu mita 1,130. Mtu anayetoka Kisumu au Mombasa ataishiwa na pumzi mapema, na siku ya kwanza apunguze mwendo.

Ikiwa umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, au una shinikizo la juu la damu, kisukari, unavuta sigara au kuna ugonjwa wa moyo katika familia, pimwa kwanza. Anayetumia insulini au glibenclamide abebe glukosi au peremende, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafla katikati ya shamba. Baadhi ya dawa za shinikizo huzuia mapigo ya moyo yasipande, nyingine huongeza mkojo. Usiziache kwa sababu ya safari, bali muulize daktari wako. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani, hasa asubuhi zenye baridi.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi inayokatika isivyo kawaida si dalili za uvivu. Shuka, keti, tafuta msaada upelekwe hospitali.

Siku ya safari

Anza mapema. Mvua ya Kericho hupenda kuja alasiri, mara nyingi ikiwa na mawe, na mwili uliolowa jasho hupoa haraka kwenye mteremko. Beba koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe. Barabara nyingi za chai ni za makampuni, kwa hiyo omba ruhusa langoni na uyapishe malori ya majani. Helmeti ni lazima, na ikishapata pigo moja kubwa itupwe.

Kunywa kulingana na kiu. Kujijaza maji matupu kwa saa nyingi huyeyusha chumvi ya damu na kunaweza kuua, kwa hiyo usishindane kunywa. Safari ikizidi saa moja na nusu, kula kidogo kidogo. Ndizi mbivu moja au mbili kwa saa, au kiazi kitamu kilichochemshwa, vinatosha. Na ikiwa hukumbuki ulidungwa lini sindano ya pepopunda, nenda ukadungwe kabla ya kuanguka. Kidonda chenye udongo na kinyesi cha ng'ombe kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, si kwa mafuta wala majivu.

Yule karani aliibadilisha baiskeli yake kwa ndogo zaidi akiongeza pesa kidogo, kiti kikainuliwa. Ganzi iliisha baada ya wiki tatu, magoti baada ya mwezi mmoja na nusu. Bado anameza dawa ya shinikizo, lakini vipimo vyake vya mwisho vilikuwa bora kuliko vya miaka mitatu iliyopita. Sasa anajiandaa kwenda Bomet na kurudi, siku mbili, akilala huko. Nimemwambia nitafuatana naye, mradi atangulie yeye kwenye miteremko.

Wiki ijayo: maumivu ya mgongo kwa wanaokaa ofisini siku nzima.